Kanzu ya Hana: Mtoto Anapoingia Jeshini

Somo: 1 Samweli 1:24–28, 2:12–21, 17:13–18

Mtoto akipata barua ya jeshi, nyumba hujaa vigelegele. Tunafanya maombi ya shukrani, picha zinapigwa, halafu anapanda gari kwenda Eldoret kwa mafunzo ya makurutu, au Lanet, Nakuru, kama amechukuliwa kuwa kadeti. Jioni mama anapakua chakula na sahani moja imezidi. Akipiga simu, mtoto hapatikani. Hapo ndipo swali linaanza: kumwachilia mtoto ni imani, ama ni kumtelekeza?

Tumwangalie Hana. Tunapenda kuhubiri machozi yake ya kutafuta mtoto, lakini tunairuka siku aliyomwacha Samweli Shilo na kurudi nyumbani Rama bila yeye. Tena pale Shilo hapakuwa mahali salama sana. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa waovu, wakinyakua nyama ya sadaka kwa nguvu. Mzazi wa leo anaogopa risasi, na pia anaogopa pombe na marafiki wabaya. Samweli alikulia katikati ya hayo, na bado Mungu alimlinda.

Je, Hana alimsahau? La hasha! Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Sasa fikiria mama anayemshonea mtoto ambaye hakai naye. Lazima akisie kimo. Akishona kwa kipimo cha mwaka jana, nguo haitaingia. Huko ndiko kuachilia: unaendelea kupenda, huku ukikubali kwamba mtoto anakua mahali usipokuwepo. Na kumbuka, Samweli alitolewa na mamake angali mdogo. Wako ametimiza miaka 18 na amejitoa mwenyewe. Wewe unaombwa tu kusema amina. Ukimwambia kwa simu, "Kama ni ngumu, wewe rudi tu nyumbani," unamshonea kanzu ya mwaka jana.

Yese naye alikuwa na wana watatu vitani: Eliabu, Abinadabu na Shama. Alimtuma Daudi awapelekee bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa mkubwa wao wa jeshi. Najua kuna mtu atauliza, "Pastor, hiyo si ilikuwa chai?" Hapana. Yese hakuomba wanawe watolewe mstari wa mbele. Alitaka tu kujua hali yao.

Hapa ndipo pagumu. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Ukiomba, "Bwana, wangu asipelekwe huko," ile nafasi haibaki wazi. Ataenda mtoto wa mama mwingine. Kumlilia mwanao si dhambi. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Lakini hakuomba kipelekwe kwa Petro.

Na tusidanganyane. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, wengi hawakurudi nyumbani. Nani atathubutu kusema hao hawakuombewa? Imani si bima. Ukimtoa mtoto kwa sharti kwamba lazima Mungu amrudishe mzima, bado hujamtoa, umemweka rehani. Hana alimtoa bila kujua kwamba atapata watoto wengine watano. Alijua tu yule anayempokea.

Basi, mzazi, wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, taja jina la mwanao mbele za Mungu, kisha uwaombee wenzake usiowajua, na wakubwa wanaotoa amri. Pili, akipata nafasi ya kukupigia, msikilize kabla hujamshauri. Tatu, siku ya gwaride la kufuzu, usitafute yule mtoto uliyemsindikiza. Mpokee huyu aliyesimama hapo.

Na sisi wengine, tusiishie kwa vigelegele. Kuna mzazi katika ushirika wako ambaye halali vizuri tangu mtoto aende. Mtembelee, kaa naye, ombeni pamoja.

Bwana, watoto hawa ni wako kabla ya kuwa wetu. Tupe moyo wa Hana, wa kuachilia bila kuacha kupenda. Katika jina la Yesu, amina.