Pima Maji Kabla ya Kumtafuta Mchawi

Kwenye ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna kituo cha kuzalisha mbegu za chaza kiitwacho Whiskey Creek. Wafugaji wengi wa pwani ile huchukua mbegu zao hapo. Mwaka 2007 lava wa chaza, yaani watoto wake wachanga, walianza kufa ndani ya matangi, mamilioni kwa mamilioni.

Wenye kituo walimshuku bakteria wa jamii ya Vibrio, adui waliyemzoea. Wakafunga mtambo wa bei kubwa wa kusafisha maji. Bakteria wakapungua, lakini mwaka 2008 lava waliendelea kufa.

Kumbe tatizo lilikuwa maji yenyewe. Majira ya kiangazi, upepo wa kaskazini husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Maji hayo huja na virutubisho vinavyostawisha planktoni, chakula cha chaza, hivyo mfugaji huyapokea kama neema. Lakini yamekaa gizani miaka mingi, yakakusanya kaboni dioksidi ya viumbe vilivyooza, juu yake ikaongezeka ile ya moshi wa viwanda na magari. Kaboni hiyo huyatia asidi.

Lava wa chaza hujenga gamba la kwanza katika siku mbili hivi za mwanzo, akitegemea akiba aliyotoka nayo kwenye yai. Maji yakiwa na asidi, gamba humgharimu karibu akiba yote. Hapo hata ukimmwagia mwani wa kila aina, hana tena nguvu ya kula na kukua.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walipoungana na kituo kupima maji mfululizo, njia ilipatikana: kujaza matangi alasiri, nyasi bahari zikiwa zimenyonya kaboni kwa mwanga wa jua, na kutia kabonati ya sodiamu kupunguza asidi. Uzalishaji ukainuka tena.

Funzo ni hili: wingi wa planktoni haumhakikishii mfugaji mavuno, maana maji yanayoleta chakula ndiyo hayo hayo yanayoweza kuua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi chaza wakidumaa au kufa, tangulia kupima asidi, joto, chumvi na oksijeni, asubuhi na alasiri, ndipo utoe fedha kununua mtambo.