Yaliyopita, je, si Ndwele?

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huku Masisi na Walikale methali hii twaisikia mara nyingi. Twaisikia barazani watu wanapopatanishwa, twaisikia matangani, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa. Mtu akiuliza, "Baba yangu aliuawa na nani?" mwingine humjibu upesi, "Ndugu, yaliyopita si ndwele." Leo twataka kuipima methali hii mbele ya dhamiri ya Kikristu. Je, ni halali kufungua tena kesi ya damu iliyomwagika miaka ishirini au thelathini iliyopita? Au kufanya hivyo ni kuchokonoa kidonda kilichokwisha funga?

Swali hili limewagusa hata watunga michezo ya televisheni. Huko Marekani, tangu 2003 hadi 2010, ulionyeshwa mchezo uitwao Cold Case, yaani kesi iliyopoa. Habari zake ni za polisi wa mji wa Philadelphia. Katika ghala yao mna maboksi mengi, na ndani ya kila boksi mna karatasi za mtu aliyeuawa zamani, ambaye mwuaji wake hakupatikana. Mpelelezi mmoja mwanamke, jina lake Lilly Rush, hulishusha boksi, huwaendea mashahidi waliokwisha zeeka, huwauliza tena, mpaka kweli itokee. Na mwisho wa hadithi marehemu huonekana amesimama kitambo kidogo, kisha hutoweka kwa amani.

Huo ni mchezo tu, na kesi yake huisha kwa saa moja. Lakini watu wengi waliupenda, wala hatustaajabu. Kila moyo wa binadamu wajua kwamba mtu aliyeuawa hapungui thamani kwa kupita miaka.

Basi tutazame maboksi yetu sisi. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yenye kurasa zaidi ya 500, iliyotaja matukio 617 ya mauaji na ukatili yaliyofanyika nchini Kongo tangu Machi 1993 hadi Juni 2003. Humo limo soko la Ntoto, katika Walikale. Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Machi 1993, Wahutu waliokuja kuuza na kununua waliuawa hapo. Kesho yake, siku ya Bwana, huko Buoye, wengine waliuawa wakitoka makanisani. Vita vikaenea katika Masisi yote, na Wahunde na Wanyanga nao wakauawa, vijiji vyao vikateketezwa. Jumapili tarehe 12 Mei 1996 ikawa zamu ya Watutsi waliokimbilia monasteri ya Mokoto, ambayo Watrapisti waliianzisha mwaka 1954. Walidhani nyumba ya Mungu itawaokoa, lakini wauaji waliingia hata kanisani. Haikupita hata mwaka mmoja, na misitu ya Walikale ikapokea miili ya wakimbizi Wahutu wa Rwanda waliofukuzwa na askari. Basi twaona kwamba hakuna kabila lisilo na makaburi yake.

Ripoti ile iliandika mahali na siku. Lakini majina ya watu wanaoshukiwa hayakutangazwa: yaliwekwa kwa siri katika ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hilo ndilo boksi letu. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, alilalamika mbele ya ulimwengu kwamba ripoti hiyo inaota kuvu ndani ya mtoto wa meza. Tena Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, iliyoko The Hague, hairuhusiwi kuhukumu matendo yaliyotangulia tarehe 1 Julai 2002. Damu ya Ntoto na ya Mokoto iko nje ya kalenda yake.

Wako wanaosema, "Afadhali. Mkifungua boksi hilo, vita vitarudi." Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana wanaoisema wameona mengi. Lakini twawauliza kwa upole: Boksi limefungwa miaka yote hii, je, vita vilikaa mbali? Mwezi wa Januari 2025 Masisi Kati ilitekwa. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Walikale Kati ikatekwa pia. Hakuna hakimu aliyefungua kesi ya Ntoto hata tuseme kwamba hakimu ndiye aliyeleta risasi hizo.

Kumbe kunyamaza hakuleti amani, na sababu yake ni hii. Mtoto yatima hukua. Siku moja humwuliza bibi yake, "Nani alimwua baba?" Kama kesi ingalihukumiwa, bibi angalimtajia jina la mtu. Kwa kuwa haikuhukumiwa, humtajia jina la kabila. Tangu siku hiyo mtoto yule ana adui elfu na elfu, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku baba yake alipouawa. Atakutana nao shuleni, sokoni, hata kwenye meza ya Bwana, naye atawatazama wote kama wauaji. Kesi isiyo na jina la mtu hupewa jina la kabila. Huo ndio ugonjwa wetu, na kila kizazi huurithi.

Tukumbuke kesi ya kwanza iliyoandikwa katika Maandiko Matakatifu. Kaini alimwua Abeli shambani, pasipo shahidi. Ni nani aliyeifungua kesi hiyo? Ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Yeye ajuaye yote alimwuliza Kaini yuko wapi ndugu yake, wala hakukubali jibu la mkato. Alimwambia kwamba damu ya Abeli inamlilia kutoka ardhini. Na hapa tuangalie mambo mawili. Kwanza, Mungu alimtaja Kaini peke yake. Hakuwashtaki wazazi wake wala wazao wake. Pili, alimtia Kaini alama ili mtu yeyote asimwue. Aliipatiliza dhambi, na papo hapo akakizuia kisasi. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta. Haki humtaja mtu na kumlinda asiyekosa. Kisasi hutaja kabila, na humpiga aliye karibu.

Lakini mwingine atauliza, "Je, Bwana wetu Yesu Kristu hakutuamuru kusamehe?" Ndiyo, alituamuru, wala hakuna Mkristu awezaye kuikwepa amri hiyo. Ila tuelewe vema maana ya kusamehe. Kusamehe si kusema kwamba hapakuwa na kosa. Mtu husamehe deni analolijua; asiyejua anadai nini na anamdai nani, atasamehe nini? Tena kila mtu husamehe lililo lake. Mimi naweza kumsamehe aliyenipiga mimi. Siwezi kumwambia mjane wa jirani, "Nimekwisha kumsamehe aliyekuulia mume." Huko si kusamehe, ni kumwibia mjane haki yake.

Tarehe 13 Mei 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi mjini Roma. Siku chache baadaye alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga, na tarehe 27 Desemba 1983 alimtembelea gerezani, wakaongea wawili peke yao. Hata hivyo msamaha wake haukuwanyamazisha mahakimu waliokwisha kutoa hukumu yao. Msamaha ulifanya kazi yake moyoni, na sheria ilifanya kazi yake mahakamani, wala havikugombana.

Katika Sakramenti ya Kitubio nasi twafundishwa majuto, maungamo na malipizi. Zakayo hakumwambia Bwana, "Yaliyopita si ndwele." Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Huku kwetu neno hili lina uzito, kwa maana pamoja na watu waliouawa, mashamba yalitwaliwa na ng'ombe walinyang'anywa. Mtu anayelima shamba la jirani aliyemfukuza kwa panga, na kila Jumapili anakuja kukomunika, ajue kwamba kesi yake haijapoa hata kidogo. Amri ya saba inamdai, hata kama hakimu hatafika kijijini kwake kamwe.

Je, kesi kama hizi zaweza kufunguliwa kweli huku kwetu? Zaweza, ila kwa taabu. Tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, makundi ya wenye silaha yaliingia katika vijiji 13 vya Walikale, njiani kati ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 387 walionajisiwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Mwezi wa Januari 2011 serikali ilitoa hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi mojawapo. Lakini hakukamatwa, tena mwaka huohuo aligombea ubunge! Wengi wakasema kesi imekufa. Ndipo Julai 2017 alipojisalimisha kwa jeshi la Umoja wa Mataifa. Novemba 2018 akasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Goma, na tarehe 23 Novemba 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ilipita miaka kumi na zaidi. Na kesi ilishinda kwa sababu wanawake wa vijijini, walioonewa na kuaibishwa, walikubali kusimama na kusema walichotendewa.

Na tutie maanani jambo moja. Kundi la Sheka lilikuwa na Wanyanga wengi, lakini hukumu ile haikusema Wanyanga. Ilisema Sheka. Mnyanga mwema, asiyemgusa mtu, alitoka katika hukumu ile akiwa safi. Basi kweli haikumkomboa aliyeumizwa peke yake. Ilimkomboa pia asiye na kosa aliyekuwa akinyoshewa kidole.

Sasa mtauliza, sisi Wakristu wa parokia tufanye nini? Sisi si polisi wala mahakimu. Tujifunze kwa Danieli. Mzee mmoja na mwenziwe walimshuhudia Susana uongo, na mkutano ukamhukumu afe. Danieli akaifungua tena kesi iliyokwisha kuhukumiwa. Akawatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walimwona. Huyu akataja mti huu, na yule akataja mti mwingine, uongo wao ukafichuka. Twajifunza nini? Kwamba asemaye amesikia si shahidi. Useme uliyoyaona kwa macho yako, wala usiongeze jina la mtu kwa sababu tu humpendi. Amri ya nane hailegei hata mbele ya mwuaji.

La pili ni gumu zaidi. Uwe tayari kusema kweli hata ikiwagusa watu wako. Kila mmoja wetu apenda boksi la jirani lifunguliwe, na boksi la nyumbani likae rafuni. Mtu akimjua mwuaji wa upande wake na kumficha, huku anadai haki kwa wafu wake mwenyewe, huyo hatafuti haki.

La tatu ni busara. Silaha zingali nyingi huku, na shahidi aweza kuuawa. Mungu hamlazimishi mtu kujitupa mautini bila faida. Kuna wakati wa kusema na wakati wa kutunza. Mweleze mtu mwaminifu, andika siku na mahali, lihifadhi neno lako mpaka wakati ufike. Na yeyote mwenye damu mikononi ajue kwamba mlango wa maungamo uko wazi kwake, wala padri hatatoa nje neno hata moja. Lakini padri mwema atamwambia pia kwamba mbele yake iko kazi ya kulipa.

Kila mwaka tarehe 2 Novemba twawaombea marehemu wetu wote, na katika parokia nyingi majina yao husomwa. Hatusomi kabila, twasoma majina, kwa maana Mungu alimwita kila mmoja kwa jina siku ya ubatizo. Hao waliouawa sokoni, kanisani na msituni wanangoja jambo hilohilo: watajwe mmoja mmoja, na kila aliyewaua ajibu kwa jina lake mwenyewe.

Basi hatuikatai methali ya wazee. Walisema kweli: yaliyopita si ndwele. Lakini walisema yaliyopita. Chuki ambayo mtoto wa miaka kumi anairithi leo kwa ajili ya mauti ya mwaka 1993 haijapita. Ingali ndwele, na wazee wale wale walituagiza kwamba ndwele hugangwa. Bwana awarehemu waliokufa, awape nguvu mashahidi, na atupe sisi sote moyo wa kulijibu swali alilomwuliza Kaini: ndugu yako yuko wapi?