Madumu Kumi na Mawili ya Asali

Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni mtu hatoki alfajiri bila sweta. Msimu huohuo ndipo asali inaporinwa kwenye miombo ya Nkasi na ya Katavi jirani. Ndipo ulipoanzia mkasa wa jirani yangu, kijana mnunuzi wa asali.

Alikuwa amenunua refraktomita Dar es Salaam. Ni kidude cha kushika mkononi, mfano wa darubini ndogo. Unapaka tone la asali juu ya kioo chake, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani kuna rangi ya samawati juu na nyeupe chini. Zinapokutana ndipo unaposoma kiasi cha maji. Asali yenye maji machache hupinda mwanga zaidi, siri yote ni hiyo. Kwa asali, kiwango cha kimataifa cha Codex hakitaki maji yazidi asilimia 20. Yakizidi, hamira iliyomo huamka na asali ikachacha.

Muuzaji alikisawazisha kifaa palepale dukani. Alidondosha mafuta ya kipimo, akazungusha skrubu mpaka mstari ukakaa kwenye namba iliyoandikwa kwenye kichupa. Namba ile ni ya nyuzi 20, na dukani joto lilikuwa nyuzi 30 hivi. Kifaa chenyewe kilikuwa cha bei ya chini, kisichojirekebisha kwa joto. Hakuna aliyeuliza.

Wiki mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, mzee mmoja kutoka Nkasi alishusha madumu kumi na mawili mlangoni kwa kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nikwambie ukweli, masega mengine yalikuwa hayajazibwa nta. Niliwahi kurina. Nipe bei ya chini, au niache nikapikie pombe ya wanzuki."

"Tusibishane, baba. Tupime."

Akapaka tone, akachungulia: 19. Akamwonyesha na mzee. Mzee akatazama, akacheka, akapokea hela ya asali safi.

Mimi simlaumu mzee hata kidogo. Alisema anachokijua kwa macho yake, akajibiwa kwa namba.

Madumu sita yalipanda basi kwenda Dar es Salaam, sita yakabaki stoo. Kabla mwezi haujaisha mnunuzi wa huko alipiga simu: vifuniko vimevimba, povu linatoka, harufu kama ya pombe. Mtaani maneno yakaanza. Jina la mji huu watu hulieleza kuwa ni "tupa uchawi", basi chochote kisichoeleweka hapa hupata maelezo upesi.

Mwalimu mmoja wa fizikia ndiye aliyeomba kukiona kifaa. Asubuhi ya nyuzi 12 alipaka mafuta yaleyale ya kipimo. Mstari ulikuwa umehama karibu alama tatu upande wa ukavu. Ubaridi huongeza nguvu ya kupinda mwanga, kwa mafuta na kwa asali pia. Kwa asali, kila nyuzi kumi ni karibu asilimia moja ya maji. Skrubu ilikazwa kufidia joto la pwani, kisha kifaa kikapandishwa huku juu kupima asali ya baridi. Makosa mawili yakasukuma upande mmoja.

Mwalimu akaviweka kifaa, mafuta na asali ya stoo katika chumba kimoja kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kipimajoto kikasoma 20. Akasawazisha upya, akapaka asali, akasubiri nusu dakika ili tone na kioo vilingane joto, akachungulia. Maji asilimia 21.

Siku hizi kijana hasawazishi bila kipimajoto pembeni, na kila asubuhi ya kununua hurudia mafuta kabla ya dumu la kwanza. Madumu ya Dar es Salaam yalirudishwa, nauli juu yake. Aliyeyanunua yote kumi na mawili ni yule mzee wa Nkasi, kwa bei ya wanzuki.