Korosho Zilizouzwa Kabla ya Maua

Mara nyingi twasikia watu wa mjini wakisema kwamba mkulima wa Kusini ni maskini kwa sababu ya uvivu. Asemaye hivyo na aende Rutamba, wilayani Lindi, mwezi wa Julai, akamwone baba na mama wakiipulizia mikorosho salfa tangu alfajiri. Kisha na aulize: korosho hizi ni za nani?

Pengine zilikwisha uzwa kabla mti haujatoa hata ua moja. Mwezi wa Februari ghala lilikuwa tupu, mahindi shambani hayajakomaa, mtoto akashikwa na homa. Jirani mwenye fedha akatoa shilingi chache, na mavuno ya Oktoba yakawa yake. Biashara hiyo huitwa kangomba. Serikali imeikataza, tangu mwaka 2007 uliwekwa utaratibu wa kupeleka korosho ghalani kwa stakabadhi, ziuzwe kwa mnada. Mwaka 2018, wanunuzi walipotaka kutoa bei duni, Serikali ilitangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo. Walakini bei njema yamfaa nini mtu aliyekwisha kuuza?

Nabii Amos aliwakemea waliopunguza kipimo na kumnunua maskini kwa jozi ya viatu. Papa Leo XIII naye aliilaani riba katika waraka wake wa mwaka 1891, Rerum Novarum. Na jirani zetu Waislamu, ambao huko pwani ndio wengi, wafundishwa vilevile kwamba riba ni haramu. Basi nani atasema hakujua?

Tena tusimsingizie tajiri wa mbali tu. Mkopeshaji mara nyingi ni mtu wa kijiji kile kile, na pengine Dominika huketi benchi la mbele. Huyo namkumbusha habari ya Zakayo. Hakuishia kusikitika, aliahidi kurudisha mara nne. Mali iliyochukuliwa isivyo haki haitakaswi kwa majuto peke yake, hapana budi irudishwe.

Nanyi akina baba, niwieni radhi. Si kila deni huletwa na homa. Liko deni la unyago na ngoma, ambapo fedha yote ya ufuta huishia katika mchele na nguo mpya za siku mbili. Mimi si adui wa ngoma. Lakini baba awekaye mikorosho rehani pasipo kumwambia mkewe ameuza jasho ambalo si lake peke yake.

Jumuiya zetu ndogondogo zaweza kuanza jambo moja mwaka huu. Mahindi yakivunwa mwezi wa Juni, kila nyumba itoe debe moja, yawekwe pamoja mahali pakavu, na funguo zishikwe na akina mama wawili. Februari ikifika, mwenye shida akope gunia, na baada ya mavuno arudishe gunia lile lile moja, bila nyongeza.