Mwenye Maradhi ya Huzuni: Je, Alaumiwe?

Katika miji yetu ya pwani, mtu akishikwa na huzuni isiyomwachia, akakosa usingizi, akakata chakula na akajitenga na watu, husemwa mojawapo ya mambo mawili: ana jini, au imani yake ni dhaifu. Wale waliosoma ilimu za kisasa hujibu: "La, amepungukiwa na serotonini katika ubongo, msimlaumu." Makusudio yao ni mema. Lakini udhuru wa mgonjwa ukiegemezwa juu ya nguzo mbovu, nguzo ikianguka, udhuru nao huanguka.

Serotonini ni nini? Ni kitu kitengenezwacho na mwili wenyewe, na sehemu yake kubwa imo matumboni. Mwaka 1948 wataalamu wa Cleveland, Marekani, waliitenga kutoka katika damu, na mwaka 1953 ikadhihirika kuwa imo ubongoni pia, ambako hupeleka habari baina ya mishipa ya fahamu. Katika miaka ya 1960 Alec Coppen wa Uingereza na wataalamu wengine wakatoa rai kwamba huzuni hii yatokana na upungufu wake. Dawa ya Prozac ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, rai ile ikaenea kwa watu kana kwamba ni yakini.

Lakini mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenziwe, huko London, walipitia tafiti za miaka mingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti wa upungufu huo. Wako wataalamu waliowapinga. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa likijulikana tangu zamani: dawa hizi huongeza serotonini baina ya mishipa kwa muda wa saa chache tu, hali mgonjwa hungoja wiki kadhaa ndipo apate nafuu. Lau ingekuwa ni kujaza kilichopungua tu, mbona asipone siku ile ile?

Wala haifuati kwamba dawa hizi hazifai. Zimewasaidia wengi. Gongo humsaidia aliyevunjika mguu, na mguu haukuvunjika kwa kukosa gongo. Kwa hivyo, aliyepewa dawa hizi asiziache ghafla bila ya shauri la daktari wake.

Huenda mtu akasema: "Ikiwa upungufu haukuthibiti, basi lawama na irudi kwa mgonjwa." Twajibu: hapana. Kutojulikana kwa sababu ya maradhi hakuyaondoi maradhi. Watu walikufa kwa malaria karne nyingi wakidhani yaletwa na hewa mbovu, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross alipoviona vimelea vyake ndani ya mbu. Je, kabla ya mwaka huo homa ilikuwa ni udhaifu wa imani?

Wanavyuoni wetu wa kale walilifahamu jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na isiyo na sababu ijulikanayo. Hii ya pili aliiona asili yake imo mwilini, katika damu, na akataka itibiwe. Kwa habari ya damu, matabibu wa leo hawakubaliani naye. Lakini kwa kumhesabu mtu huyo kuwa mgonjwa, alipatia. Na Nabii Yaakub, ambaye huzuni yake ilikuwa na sababu, alilia hata macho yake yakaingia weupe. Nani athubutuye kusema kuwa imani yake ilipungua?

Basi haki ya mgonjwa haingojei wataalamu wamalize ubishi wao. Yatupasa kumsikiliza bila ya kumkaripia, kumpeleka kwa daktari mapema, na kutomwacha peke yake akitaja kufa. Dua na kisomo ni kheri, maadamu havikufanywa kizuizi cha tiba. Ama anayemwambia mgonjwa huyu kwamba hana imani, amemzidishia mzigo aliyekwisha kulemewa, na ataulizwa kwa neno lake hilo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.