Penye Joto

Mpendwa, unaijua saa ile ya usiku: umeshajifunika, mvua inanyesha, mara hodi mlangoni. Hujajua hata ni nani, moyo umeshaanza kutafuta udhuru. Si kwamba humpendi jirani yako. Ulipo pana joto, basi.

Katika ndege za Lancaster, ambazo Uingereza ilizitumia kudondosha mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu wa redio ndiye aliyeketi penye joto. Walikuwa saba ndani ya ndege. Hewa ya moto ilitokea karibu na kiti chake, na mpiga bunduki wa mkiani aliganda kwa baridi. Kazi kubwa ya mtu wa redio ilikuwa kusikiliza. Juu ya nchi ya adui hakutuma ujumbe ovyo, asije akawafichua wenzake. Alivaa vipokea sauti, akanasa alama za Morse kutoka kambini na kuziandika daftarini. Usiku kucha hivyo, na hakuna wa kumpigia makofi. Je, nawe umewekwa mahali pa namna hiyo?

George Thompson, Mskoti aliyekuwa akijifunza kazi ya duka kabla ya vita, alikuwa mtu wa redio. Tarehe 1 Januari 1945 ndege yao ilishambulia mfereji wa Dortmund-Ems, Ujerumani. Mabomu yalikuwa yametoka tu ndege ilipopigwa, ikashika moto. Thompson aliona kibanda cha mpiga bunduki wa juu kikiwaka na mwenzake amezimia ndani. Akaingia, akamvuta, akapita naye kando ya tundu kubwa sakafuni, akazima moto wa nguo za mwenzake kwa mikono mitupu. Kisha akaona mkiani nako kunawaka. Mikono ilikuwa imeshaungua. Akaenda tena.

Baadaye alijikokota hadi kwa rubani kutoa taarifa. Rubani hakumtambua, kwa jinsi alivyoungua.

Hapo ndipo ninapokawia. Ni mara ngapi tumeacha kutenda jema kwa kuwa hakuna atakayejua ni sisi? (Wala sisemi haya kuitukuza vita. Mabomu yale yaliwaangukia watoto wa mama wengine, nao tunawaombea.)

Kati ya wapiga bunduki wale wawili aliowatoa motoni, mmoja alikufa; mwingine akapona. Thompson mwenyewe alifariki hospitalini tarehe 23 Januari, na nishani ya Victoria Cross ikatolewa akiwa kaburini. Alipokwenda mkiani hakujua nani angepona. Nasi hatujui msamaha wetu utapokewaje, wala kama mgonjwa tunayemtembelea ataamka kesho.

Mpendwa, huenda yuko ndugu mliyenyamaziana kwa muda mrefu, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Wiki hii anza wewe. Mpigie simu, na akipokea, msikilize kwanza.