Je, Jambo Lisiloandikwa Halikutendeka?

Mkatekumeni hufundishwa mapema kwamba mtu hukosa kwa njia nne: kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo, na kwa kuuacha wajibu wake. Njia tatu za kwanza hutambulikana upesi. Aliyeiba ameiba, na aliyetukana ametukana. Lakini njia ya nne hujificha, kwa kuwa mwenye kukosa kwa njia hiyo hana alichokifanya. Mikono yake ni safi, na ulimi wake umenyamaza. Akiulizwa, "Umetenda nini?" hujibu, "Sikutenda neno." Kumbe hilo ndilo kosa lake.

Liko kosa moja la namna hiyo ambalo watu wa kando ya Ziwa Albert, na wa nchi nyingine nyingi, hulijua kwa kuwa limewapata. Mtu aliyedhulumiwa huenda kituo cha polisi kutoa shitaka, na shitaka lake haliandikwi. Maswali ni mawili. Askari asiyeandika, ambaye hakuiba wala hakupiga, je, ana hatia? Na yule aliyenyimwa kalamu, yampasa kufanya nini?

1. Mfano wa nyavu

Na ichukuliwe mfano wa mvuvi wa Kasenyi. Usiku mmoja nyavu zake sita zimechukuliwa, pamoja na mashine ya mtumbwi. Asubuhi aenda kituoni. Ajua mahali, ajua saa, na jirani yake amewaona watu wawili wakielekea njia ya Tchomia. Mkubwa wa kituo amsikiliza hata mwisho, atikisa kichwa kwa huruma, kisha asema: "Tumesikia, baba. Nenda nyumbani, tutaangalia." Daftari liko mezani, wala halikufunguliwa.

Mvuvi huyo amepoteza nini kituoni? Amepoteza vitu vitatu. Kwanza, tarehe: baada ya mwezi mmoja, nani atasadiki kwamba nyavu ziliibwa siku ile na si siku nyingine? Pili, ushahidi: jirani yake atasahau, au atahama, au atatishwa. Tatu, njia: maana bila hati ya polisi, mwendesha mashitaka wa Bunia hana faili, na bila faili, hakimu hana kesi. Mlango wa kwanza ukifungwa, milango mingine yote imefungwa nyuma yake.

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walinena juu ya biashara, lakini haki nayo ni mali. Na mwizi ndiye wa kwanza kufahamu kwamba hakuna kilichoandikwa.

2. Sheria yaamuruje?

Wako wanaodhani kwamba kuandika shitaka ni fadhili ya askari, naye aweza kuitoa au kuizuia apendavyo. Sivyo. Sheria ya mwenendo wa mashitaka ya jinai, iliyotolewa tarehe 6 Agosti 1959, na ambayo Kongo huru iliirithi, yawaamuru maafisa wa upelelezi, ambao watu huwaita OPJ, kuyatambua makosa, kupokea mashitaka na habari za makosa hayo, na kuyaandika katika hati rasmi, ile iitwayo PV. Hati hiyo hupelekwa kwa mwendesha mashitaka.

Katika mambo ya kumnajisi mwanamke au mtoto, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikaza zaidi. Afisa aliyepata habari yampasa kumjulisha mwendesha mashitaka katika saa 24, na uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja. Tena shitaka la namna hiyo haliwezi kuzimwa kwa kulipa faini. Basi akiwapo mkubwa wa kituo anayewaita baba wa msichana na baba wa kijana, akawapatanisha kwa mbuzi wawili, wala asiandike neno, huyo hakuleta amani. Ameivunja sheria, na amemwuza msichana.

3. Udhuru wa asiyeandika

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Askari asiyeandika ana maneno yake, na mengine yana uzito.

Husema: "Sina karatasi, sina pikipiki, na mshahara wangu umechelewa. Niandike nini, na nimfuate mwizi kwa miguu?" Ni kweli kwamba askari wengi huishi kwa shida, na serikali isiyowapa vyombo vya kazi ina sehemu yake ya hatia. Lakini kuandika si kufuata. Asiyeweza kumkamata mwizi leo aweza kuandika leo, ili mwingine amkamate kesho. Umaskini humwondolea mtu wajibu asiouweza, haumwondolei ule anaouweza.

Husema tena: "Mashitaka mengi ni ya uongo. Watu huchukiana kwa sababu ya mipaka ya shamba, ndipo mmoja humsingizia mwenziwe." Hili nalo ni kweli. Lakini kuandika si kuhukumu. Anayeandika hasemi, "Fulani ni mwizi." Husema tu, "Fulani amekuja siku hii, akasema hivi." Na zaidi ya hayo, kalamu ndiyo imzuiayo msingiziaji. Maneno ya barazani hayana mwenyewe, bali shitaka lenye jina na sahihi lina mwenyewe, naye akionekana kuwa amesema uongo, sheria yaweza kumwadhibu. Kutoandika humsaidia mwongo kama kumsaidiavyo mwizi.

Husema mara ya tatu: "Ni heri wapatane kwa wazee kuliko kupelekana Bunia." Upatanisho ni jambo jema sana, na wazee wamezima magomvi mengi ambayo mahakama yangeyawasha. Lakini kupatana ni hiari ya wawili. Asiye na njia nyingine hapatanishwi, analazimishwa. Yule mwenye uwezo wa kwenda mbele ya hakimu, akachagua kusamehe, amesamehe kweli.

Uko udhuru wa nne, ambao hausemwi kwa sauti. Daftari lenye mashitaka mengi humwonyesha mkubwa wa kituo kuwa amelegea, na daftari tupu husomwa mjini kama amani. Wapo pia wanaoogopa, kwa sababu mshitakiwa ni mtu mkubwa au mwenye bunduki. Na wapo wanaongoja faranga kwanza, wakiziita za karatasi, au za kalamu, au za mafuta. Udhuru huu hauhitaji jibu refu. Mganga asiyewaandika wagonjwa hakuuondoa ugonjwa, na mkubwa wa Bunia au wa Kinshasa asomaye daftari tupu hawezi kujua ni wapi pa kupeleka msaada.

4. Kosa hili si la nchi moja

Huko Meru, nchini Kenya, wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa walipeleka kesi mahakamani mwaka 2012, pamoja na nyumba iliyowapokea na kuwatunza. Hawakuwashitaki walionajisi. Waliwashitaki polisi, kwa kuyapuuza mashitaka yao na kutoyachunguza ipasavyo. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kwamba polisi, kwa kutotenda, walizivunja haki za watoto hao, tena kwamba uzembe wao uliwapa wabaya moyo wa kuendelea. Uamuzi huo wafaa kukumbukwa na kila anayesema, "Sikutenda neno." Jaji aliona kwamba kutotenda nako ni kutenda.

Nchini India, mahakama ya juu kabisa iliamua tarehe 12 Novemba 2013, katika kesi ya binti aitwaye Lalita Kumari, kwamba habari ionyeshayo kosa zito sharti iandikwe na polisi, bila wao kuchagua. Uchunguzi mfupi kabla ya kuandika waruhusiwa mahali penye shaka, lakini si kwa kupima kama habari ni kweli. Ni kwa kutazama tu kama yaonyesha kosa la namna hiyo. Maana ukweli hupimwa baada ya kuandikwa.

Na karibu zaidi na Kasenyi, katika njia ya kupanda Bunia, kiko kijiji cha Bogoro, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 iliamua juu ya fidia. Waombaji walikuwa 341, na majaji walilitazama ombi la kila mmoja peke yake. Waliokubaliwa kuwa wamethibitisha hasara yao walikuwa 297. Kila mmoja aliandikiwa dola 250 kuwa alama ya kutambuliwa, mbali na misaada ya wote kwa pamoja. Haifai kuwalaumu polisi kwa habari ya Bogoro, maana zilikuwa siku za vita. Lakini yafundisha jinsi ilivyo kazi nzito, baada ya miaka 14, kuthibitisha kwamba nyumba ilisimama hapa, kwamba ng'ombe walikuwa wangapi, kwamba marehemu alikuwa mwana wa nani.

5. Kalamu ikikataa, moyo huandika

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko nyavu. Wako wanaofikiri kwamba shitaka lisiloandikwa limekwisha. Halikwisha. Limehama tu kutoka daftarini hadi moyoni. Na moyo wa mwenye uchungu ni karani mbaya. Daftari la polisi huandika jina la mtu mmoja, siku moja, kosa moja. Moyo hauandiki hivyo. Moyo husahau jina la mwizi na kuandika jina la ukoo wake, kisha la kabila lake. Daftari lingesema, "Fulani na mwenziwe." Moyo husema, "Wao."

Ituri imelipa gharama ya hesabu hiyo. Vita vilivyoanza mwaka 1999 vilitoka katika ugomvi wa mashamba huko Djugu, na watu waliokufa hata mwaka 2003 hukadiriwa kuwa zaidi ya 50,000. Vita havina sababu moja. Wageni na wenyeji wenye silaha na tamaa walivichochea. Lakini mchochezi huhitaji kuni kavu, na kuni zake ni dhuluma ambazo hakuna aliyezipokea, kuziandika na kuzihukumu. Tarehe 6 Mei 2021 serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi, na mashitaka ya jinai ya raia yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hakimu akibadilika, wajibu wa kwanza haubadiliki: neno la aliyedhulumiwa lipokewe na kuandikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili. Askari asiyeandika, naye aweza, ana hatia; na hatia yake yakua kadiri ya uovu aliouachia njia. Pilato naye alinawa mikono, akadhani maji yameondoa wajibu wake. Aliyepewa kiti cha kusikiliza hawezi kujitoa humo kwa kunyamaza.

6. Yampasayo aliyenyimwa

Swali la pili lawahusu wasomaji walio wengi. Injili ya Luka yasimulia habari za mjane aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, hata hakimu akachoka akampa haki yake. Mjane yule hakuwa na mali wala ndugu wakubwa. Alikuwa na miguu yake na neno la kweli. Wala hakuchukua panga.

Aende basi mapema, kabla alama hazijafutika, tena asiende peke yake. Aandike mwenyewe karatasi, au amwombe mwalimu amwandikie: siku, mahali, kitu kilichopotea, majina ya waliomwona. Aweke nakala moja nyumbani, na aulize jina la askari aliyempokea. Akikataliwa kituoni, ajue kwamba ofisi ya mwendesha mashitaka nayo hupokea mashitaka, na kwamba Katiba ya mwaka 2006 yampa kila Mkongomani ruhusa ya kuiandikia serikali ombi lake, peke yake au pamoja na wenziwe, na kujibiwa katika miezi mitatu. Watu kumi wenye sahihi kumi husikika kuliko mmoja mwenye machozi.

Je, alipe faranga za kalamu? Anayelipa kwa kulazimishwa ili apate haki yake si sawa na anayelipa ili haki ya mwingine ipotee. Wa pili ni mwovu, wa kwanza ni mdhulumiwa mara mbili. Lakini kila faranga iliyolipwa humfundisha askari kumdai na maskini atakayefuata. Ni heri kukataa pamoja, kijiji kizima, kuliko kulipa mmoja mmoja.

Asiongeze uongo katika shitaka lake, hata kidogo, ili lionekane kubwa. Na asijilipizie kisasi. Asiyeandikiwa haki hakupewa ruhusa ya kuwa mwizi wa pili.

Tena na ikumbukwe kwamba askari wa kesho ni watoto wa leo. Mtoto anayezoezwa kusema kweli juu ya kikombe alichokivunja, na mzazi anayemsikiliza mtoto mdogo kama amsikilizavyo mkubwa, hao wanaanza kukiandaa kituo cha polisi ambacho daftari lake litafunguliwa.

Maswali ya kujiuliza

Kuandika shitaka na kuhukumu vyatofautianaje?

Ni udhuru upi wa asiyeandika ulio na kweli ndani yake, na kwa nini hautoshi?

Je, kuna mtu nyumbani mwako au kijijini mwako aliyekuja kukueleza dhuluma, ukamwambia "nenda, tutaangalia," wala hukuangalia?